Kufuta programu zilizokuja na Windows: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa kwenye meza yangu ya ufundi karibu kila wiki, na mara nyingi mwenye swali huwa ameshafuta. Nimeyaandika ili yakufikie kabla hujafuta. Mengi yanahusu Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo zilizomo kwenye laptopu nyingi zinazopita mikononi mwangu. Linux, Mac na simu zina sehemu yake mwishoni. Unaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye swali lako.

## Mambo ya msingi

Programu "zilizokuja na kompyuta" ni zipi hasa?

Watu huziweka zote kapu moja, ilhali ziko za namna tatu na hatari zake hazifanani.

Kuna za Windows yenyewe: Photos, Calculator, Microsoft Store, Edge, OneDrive, Xbox na nyinginezo. Kuna za kampuni iliyounda laptopu: zinazoendesha vitufe vya Fn, tachipadi, sauti, ukomo wa kuchaji betri na masasisho ya BIOS (programu ya ndani ya mashine inayoiamsha kabla ya Windows). Halafu kuna za biashara tu, ambazo wenyewe wameingia mkataba na muuza laptopu ziwekwe tangu kiwandani: antivirus ya majaribio, michezo, alama za maduka ya mtandaoni.

Kundi la tatu futa bila kusita, isipokuwa antivirus, ambayo ina swali lake hapa chini. Kundi la pili ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu majina ya programu zake hayaelezi kazi zake. Kundi la kwanza inategemea ni ipi: Xbox ukiifuta na huchezi michezo hutaona tofauti yoyote, Store ukiifuta utahangaika.

Nikizifuta, kompyuta itakuwa na kasi zaidi?

Kidogo sana, na mara nyingi hapana. Programu iliyolala tu kwenye diski haili RAM. Inayokula ni ile inayoamka pamoja na Windows na kubaki nyuma ya pazia. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye "Startup apps", uzime usizozihitaji. Hapo umepata karibu faida yote ya kufuta, na ukikosea unawasha tena kwa kubofya mara moja.

Kama mashine ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani inayozunguka, hata ufute nini haitakimbia. Tia SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakifuta hadi mfumo ukavunjika, wakitafuta kasi ambayo haikuwa imefichwa huko.

Nitapata nafasi kiasi gani kwenye diski?

Ndogo kuliko unavyotarajia. Baadhi ya michezo unayoiona kwenye menyu ya Start ni alama tu. Programu yenyewe haijapakuliwa mpaka ubofye. Nafasi ya kweli iko kwingine: folda ya Windows.old inayobaki baada ya sasisho kubwa (iondoe kupitia Settings, System, Storage), na faili la kulala usingizi mzito, hiberfil.sys, ambalo kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya RAM. Kwenye mashine ya GB 8 hiyo ni zaidi ya GB 3. Amri `powercfg /h off`, ukiiandika kwenye dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, hulifuta, ila jua kwamba utapoteza pia uwashaji wa haraka.

Nifanye nini kabla sijagusa chochote?

Mambo manne, na usiruke hata moja.

Kwanza, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Pili, tafuta ufunguo wa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa siri. Laptopu nyingi mpya husimba diski zenyewe bila mwenye nayo kujua, na mambo yakiharibika mashine inaweza kudai namba ya tarakimu 48 kabla ya kukuruhusu kurekebisha lolote. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, iandike kwenye karatasi. Asiye na namba hiyo hana mafaili. Hakuna fundi atakayeibuni.

Tatu, tengeneza "restore point", yaani alama ya kuurudisha mfumo ulivyokuwa siku hiyo. Andika maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafutia, hakikisha ulinzi wa diski C umewashwa, kwani kwenye mashine nyingi huwa umezimwa. Hata hivyo usiitegemee kwa kila kitu: hairudishi mafaili yako, na programu za Store mara nyingine hugoma kurudi. Nne, tengeneza flashi ya kuokolea kwa "Create a recovery drive". Flashi ya GB 32 inatosha.

Kisha futa moja, washa upya, tumia mashine siku moja au mbili, ndipo ufute nyingine. Ukifuta kumi kwa mpigo na sauti ikapotea, utajuaje ni ipi?

## Ipi ifutwe, ipi iachwe

Naona "Microsoft Visual C++" zaidi ya kumi kwenye orodha. Si zinajirudia?

Hazijirudii. Kila moja ni ya miaka yake: 2005, 2008, 2010, 2012, 2013, na ile inayoanzia 2015 kuendelea. Kila mwaka una mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Programu iliyojengwa juu ya ile ya 2010 haiwezi kutumia ya 2013. Ukifuta, siku utakayofungua programu ya uhasibu au mchezo wa mtoto utaambiwa faili la MSVCP140.dll, au jamaa yake, halipo.

Mbaya zaidi ni hatua inayofuata: mtu huingia mtandaoni, akapakua hilo faili la DLL peke yake kutoka tovuti asiyoijua. Usifanye hivyo. Pakua kifurushi kizima kutoka kwa Microsoft. Zote zikijumlishwa hazichukui nafasi ya kulilia.

Na "WebView2 Runtime"?

Iache. Ni injini ya kuonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine. Teams mpya, Outlook mpya na Widgets zote huitegemea. Ukiifuta hutaona kitu siku hiyo. Utaona madirisha meupe baadaye na hutakumbuka ulifanya nini.

Naweza kufuta Edge?

Kama uko katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, ndiyo, kwa njia halali: sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya iliilazimisha Microsoft kuweka kitufe hicho, na ilianza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024. Kwetu Afrika Mashariki kitufe hicho kwa kawaida hakipo, na ndiyo maana watu hutafuta skripti za kuking'oa kivinjari hicho kwa nguvu.

Ushauri wangu ni kukiacha. Weka kivinjari ukipendacho, kifanye kuwa chaguo la msingi, uzime Edge isiamke na Windows. Skripti nyingi za kung'oa huchukua na WebView2 (tazama swali lililotangulia), na sasisho likija Edge hurudi, mara nyingine nusunusu. Utabaki na kivinjari kisichofunguka wala kufutika.

Kwani kufuta kitu kimoja kunawezaje kuvunja kingine kisichohusiana nacho?

Kuna mfano ambao umefanywa na wenye mfumo wenyewe. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliiamuru Microsoft itoe Windows isiyo na Media Player. Ndipo likazaliwa toleo la N, ambalo lipo hadi leo. Anayelinunua hukuta mengi hayafanyi kazi, yakiwamo yasiyo na uhusiano wa wazi na kicheza muziki: kamera inagoma, video ndani ya PowerPoint hazichezi, baadhi ya michezo haifunguki. Sababu ni kwamba zote huazima maktaba zilezile za sauti na picha zilizoondoka pamoja na kicheza muziki. Tiba yake ni kusakinisha Media Feature Pack, yaani kurudisha kilichotolewa.

Hao wa Microsoft walikuwa na kila mstari wa msimbo wa programu mbele yao. Wewe na mimi tuna jina la programu tu kwenye orodha.

Microsoft Store sipakui kitu humo. Niiondoe?

Hapana. Calculator, Photos, Notepad na hata baadhi ya fomati za picha na video husasishwa kupitia humo, na viraka vya usalama vya programu hizo vikiwamo. Microsoft yenyewe haiungi mkono kuiondoa. Kama umeshaiondoa, fungua dirisha la amri na uandike `wsreset -i`, subiri dakika chache. Mara nyingi hurudi. Isiporudi, nenda kwenye swali la "nianzie wapi".

OneDrive inanisumbua kila siku. Nikiifuta nitapoteza mafaili?

Unaweza kupoteza, na hili ndilo jibu ninaloomba ulisome lote, kwa sababu hapa watu hupoteza kazi za miaka.

Windows 11 hupenda kuhamishia Desktop, Documents na Pictures ndani ya folda ya OneDrive wakati unaiandaa mashine mara ya kwanza. Mtu hubonyeza "Next, Next" bila kusoma. Kuanzia hapo folda yako ya Documents haiko pale ulipodhani. Iko ndani ya OneDrive. Pamoja na hilo, OneDrive hupunguza mzigo wa diski kwa kuacha baadhi ya mafaili mtandaoni tu. Unaona jina lake na alama ya wingu, lakini faili lenyewe halipo kwenye laptopu yako. Ukifuta OneDrive wakati huo, Desktop inaweza kuonekana tupu, na mafaili yenye alama ya wingu hayatafunguka.

Njia salama ni hii. Bofya kulia folda ya OneDrive na uchague "Always keep on this device". Subiri hadi alama zote za wingu ziwe tiki ya kijani. Kama mafaili ni mengi, hilo litakula bando, kwa hiyo lifanye palipo na Wi-Fi. Nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Kisha fungua mipangilio ya OneDrive, nenda "Sync and backup", "Manage backup", uzime folda moja moja. Mafaili mara nyingi hubaki ndani ya folda ya OneDrive. Yahamishe kwa mkono kwenda kwenye Documents halisi. Ndipo uitenganishe akaunti na "Unlink this PC", na mwisho kabisa uisanidue, yaani uiondoe kabisa.

Kosa linaloumiza kuliko yote: mtu anafuta mafaili ndani ya folda ya OneDrive akidhani anafuta nakala, huku akaunti bado imeunganishwa. Yanafutika kila mahali, hadi kwenye simu. Kama limekupata, ingia kwenye tovuti ya OneDrive leo hii na ufungue pipa lake la taka. Akaunti binafsi hutunza vilivyofutwa kwa siku 30.

Antivirus ya majaribio imeisha muda. Niifute au niiache?

Ifute, lakini ifute kikamilifu. Antivirus ya kampuni nyingine inapojisajili, Microsoft Defender, antivirus ya Windows yenyewe, hukaa pembeni. Ukiisanidua vizuri, Defender hurudi kazini yenyewe. Tatizo ni kusanidua nusu: mtu akifuta folda tu, Windows inaweza kuendelea kuamini kwamba mlinzi yupo, au kichujio chake cha mtandao kikabaki na intaneti ikakataa kabisa. McAfee na Norton zina zana zao rasmi za kujiondoa. Zitumie, washa upya, kisha fungua "Windows Security" uhakikishe Defender iko kazini kwa macho yako.

Programu zenye jina la kampuni ya laptopu je?

Kabla ya kufuta, uliza inafanya nini. Kwenye mashine nyingi ndiyo inayofanya vitufe vya mwanga na sauti vifanye kazi, inayozuia betri isijazwe kupita asilimia 80, au inayotuliza feni isipige kelele. Ukishaifuta, mpangilio wa betri unaweza kubaki ulipokuwa na usiwe na mahali pa kuubadilisha. Ya kusajili bidhaa, ya kukuonyesha ofa na ya "msaidizi" anayekuuliza kama umeridhika, zote zinaweza kwenda.

Draiva, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuendesha vifaa kama Wi-Fi na sauti, usiguse. Na kama umefuta ya Wi-Fi na sasa huna intaneti ya kuipakulia, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa "USB tethering". Windows huitambua kama kadi ya mtandao, bila draiva ya ziada, na utapakua unachotaka.

Naweza kuingia kwenye folda nikafuta kwa mkono?

Kamwe usifute kwa mkono ndani ya WindowsApps, WinSxS wala C:\Windows\Installer. Ile ya Installer hutunza mafaili yanayohitajika siku ya kusasisha au kusanidua. Bila hayo programu haisasishiki wala haitoki. WinSxS huonekana kubwa mno kwa sababu faili moja huhesabiwa mara mbili, hapo na kwenye System32, ingawa kwenye diski ni lilelile. Kama unataka kuipunguza, tumia `DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup` na usiisaidie.

## Skripti, zana za kusafisha na Windows "Lite"

Kuna skripti inayofuta takataka zote kwa amri moja. Ni salama?

Ina hatari mbili, na watu huwaza moja tu.

Ya kwanza ni uaminifu. Amri inayopakua skripti na kuiendesha papo hapo kwa haki za msimamizi inampa mwandishi wake funguo zote za mashine yako. Leo inaweza kuwa safi. Kesho aliyeiandika ameibiwa akaunti. Hata kampuni zimekumbwa: mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza kirusi ndani ya CCleaner, zana maarufu ya kusafisha kompyuta, toleo la 5.33, kikasambazwa na tovuti rasmi kwa takriban mwezi mzima, kikafikia kompyuta zaidi ya milioni mbili. Hao walikuwa wameipakua mahali sahihi.

Ya pili ni kwamba mwandishi hakujui. Anafuta huduma ya kuchapisha kwa sababu yeye hana printa. Anazima utafutaji, anazima huduma za mahali, anafunga anwani za Microsoft ili kuzuia ufuatiliaji, na humo zinaingia anwani ambazo Store au masasisho huzihitaji. Miezi mitatu baadaye unaleta laptopu kwa fundi ukisema "printa haisomi", na hakuna anayefikiria skripti.

Kama lazima uitumie, chagua inayokupa orodha ya kuweka tiki, isome yote, na weka tiki kwa unachokielewa tu. Kama ina kitufe cha kurudisha, jua kwamba mara nyingi hurudisha mipangilio, si programu.

Zana za kusafisha rejista?

Acha. Rejista ni hifadhi ya mipangilio ya Windows na programu zake. Faida ya kuisafisha haionekani, na ingizo moja lililofutwa kimakosa linaweza kuvunja programu nzima.

Fundi alinipigia Windows "Lite". Ni nyepesi kweli. Kuna ubaya?

Ni nyepesi kwa sababu kuna vitu havimo. Swali ni vipi. Matoleo hayo yameongezeka sana tangu Windows 10 iachwe kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa kuwa mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11 na wenye nazo hawana fedha ya kununua nyingine. Haja hiyo naielewa kabisa.

Lakini angalia vitu viwili. Je, Defender ipo? Je, Windows Update inafanya kazi? Baadhi ya matoleo yaliyokatwa zaidi huondoa hata hifadhi ya WinSxS, na bila hiyo mfumo hauwezi kupokea masasisho tena, hata ukitaka. Ukumbuke WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia: kiraka cha kuizuia kilitolewa tarehe 14 Machi 2017, na shambulio likaja tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye. Walioumia walikuwa wale ambao kiraka hakikuwafikia. Kompyuta ya kuangalia filamu nyumbani ni jambo moja. Kompyuta ya duka yenye akaunti za benki ni jingine. Kwa mashine dhaifu, Linux nyepesi inayosasishwa ni bora kuliko Windows iliyokatwa mishipa.

## Yakishaharibika

Nimefuta kitu na sasa mfumo unagoma. Nianzie wapi?

Acha kufuta zaidi, halafu fuata mpangilio huu. Jaribu kurudi kwenye "restore point". Isipofaa, fungua dirisha la amri kama msimamizi, endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, na ikimaliza, `sfc /scannow`. Hizo hurekebisha mafaili ya mfumo. Hazirudishi programu za Store.

Hatua inayofuata wengi hawaijui, nayo imeniokolea mashine nyingi: kusakinisha Windows juu ya Windows. Kwenye Windows 11 iko Settings, System, Recovery, "Fix problems using Windows Update". Hupakua toleo lilelile na kuliweka upya huku programu na mafaili yako yakibaki. Ni GB kadhaa, kwa hiyo panga bando. Kwenye Windows 10 utafanya hivyo kwa kufungua setup iliyo kwenye faili la ISO (nakala ya kusakinishia Windows) ukiwa ndani ya Windows na kuchagua kubaki na kila kitu.

"Reset this PC" iwe ya mwisho. Hata ukichagua "Keep my files", programu zote ulizoweka mwenyewe zitaondoka.

Nimefuta programu mara tatu na bado inarudi. Ni kirusi?

Si lazima. Windows huweka nakala ya akiba ya programu nyingi za Store kwa ajili ya kila mtumiaji mpya. Ukiifuta kwenye akaunti yako, nakala hiyo inabaki, na mtumiaji mpya ataiona tena.

Ila kuna njia nyingine isiyojulikana sana. Tangu Windows 8, mtengenezaji wa laptopu anaweza kuhifadhi programu ndani ya BIOS na Windows ikaisakinisha kila inapowaka. Mwaka 2015 Lenovo ilionekana ikitumia njia hiyo kwa programu iliyoitwa Lenovo Service Engine, ambayo ilikuwa inarudi hata baada ya kupiga Windows upya. Iliondoka kwa kusasisha BIOS. Kama kitu kinarudi hata baada ya kupiga Windows safi, angalia huko.

Nilifuta sehemu ndogo ya diski iitwayo "Recovery" ili nipate nafasi. Nirudishe?

Kama mashine inawaka, hakuna dharura, lakini umeondoa chumba cha matibabu. "Reset", kurekebisha uwashaji na kurudi kwenye "restore point" mashine isipowaka vyote hutegemea humo. Andika `reagentc /info` uone kama bado imewashwa. Sehemu hiyo ikiwa ndogo mno nayo huleta shida: Januari 2024 sasisho KB5034441 liligoma kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643 kwa sababu tu humo hamkuwa na nafasi. Flashi ya kuokolea iliyotajwa mwanzoni huziba pengo hilo.

## Hali za pekee

Kuna wakati ambapo kutofuta ndiyo hatari?

Ndiyo, na sitaki usome ukurasa huu ukaondoka na woga wa kufuta. Kati ya mwaka 2014 na 2015 baadhi ya laptopu za Lenovo ziliuzwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Ili ipenyeze matangazo kwenye kurasa salama, iliweka cheti chake cha kuaminika ndani ya Windows, na ufunguo wa siri ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Aliyeupata angeweza kujifanya benki yako na kivinjari kisishtuke. Jambo lilipofichuka Februari 2015, watu waliisanidua programu, lakini cheti kilibaki.

Novemba mwaka huohuo ikatokea kwa Dell, kwa cheti kilichoitwa eDellRoot, na kinyume chake: ukifuta cheti peke yake, programu iliyobaki ilikirudisha. Ndiyo maana kila mara nasisitiza kufuata maelekezo kamili ya kuondoa, yote mawili, programu na ilichoacha.

Nimenunua laptopu ya mtumba iliyokuwa ya kampuni. Ina programu ya usimamizi isiyofutika.

Usipambane nayo. Laptopu za kampuni huweza kusajiliwa kwa Windows Autopilot (huduma ya Microsoft ya kuandaa mashine za kampuni) au kuwa na ulinzi wa Absolute dhidi ya wizi ndani ya BIOS. Hata ukipiga Windows upya, ikiunganishwa na intaneti itadai akaunti ya kampuni. Anayeweza kuiachia ni kampuni yenyewe. Mrudishie aliyekuuzia, na siku nyingine kabla ya kulipa, iwashe, iunganishe na intaneti ya simu yako, uone kama inaomba barua pepe ya ofisi.

Ninaandaa kompyuta za maabara ya shule kwa nakala moja. Sysprep inagoma.

Sysprep ni zana ya Windows ya kuandaa nakala ya kusambaza, na ikigoma karibu kila mara ni programu za Store zilizoguswa kwa mtumiaji mmoja tu. Kumbukumbu za Sysprep zitakuambia kuna kifurushi kilichosakinishwa kwa mtumiaji lakini hakijaandaliwa kwa wote. Kiondoe kwa watumiaji wote na kwenye nakala ya akiba, au kirudishe kwa wote. Na andaa nakala bila intaneti, la sivyo Store itasasisha vitu wakati unafanya kazi.

Kwenye Linux nina uhuru kamili. Naweza kufuta chochote?

Uhuru unao, na mfumo hautakuzuia. Hapo ndipo penye hatari. Python iliyokuja na Ubuntu si yako, ni ya mfumo: ukiiondoa, unaweza kupoteza eneo-kazi lote na zana kadhaa. Novemba 2021 Linus Sebastian, anayejulikana kwa video za kompyuta, alijaribu kusakinisha Steam, duka la michezo, kwenye Pop!_OS, aina mojawapo ya Linux, na kwa kasoro ya kifurushi mfumo ukapendekeza kuondoa eneo-kazi zima. Ulimtaka aandike "Yes, do as I say!", akaandika, skrini ikabaki na maandishi matupu.

Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kubonyeza Y. `apt remove -s` hukuonyesha bila kutenda. Ukishakosea, /var/log/apt/history.log ina majina yote ya vilivyoondoka, na unaweza kuvirudisha kimoja kimoja.

Mac je?

Za mfumo wenyewe huwezi, na hiyo ni kwa faida yako. Tangu mwaka 2015 mfumo unalinda mafaili yake hata dhidi ya msimamizi, na tangu Big Sur ya 2020 sehemu ya mfumo imetiwa saini na kufungwa. Mchezo wa Chess utabaki hapo, ni mdogo.

Na simu ya Android?

Tumia "Disable" pale inapopatikana. Amri ya `pm uninstall --user 0` kupitia kompyuta huondoa programu kwa mtumiaji wako tu, nakala hubaki kwenye mfumo, na kurejesha simu kiwandani huirudisha. Lakini ukigusa kitu cha msingi simu inaweza kukwama kwenye nembo ikiwaka na kuzima, na hapo kurejesha kiwandani ndiyo njia iliyobaki, pamoja na kupoteza picha ambazo hukuzinakili.